Uliza Fundi: Flashi nimeshaifomati, naweza kumpa mtu?

SWALI: Fundi habari za kazi. Mi nina steshenari ndogo hapa Nyegezi karibu na stendi, nina flashi ya GB 16 nimeitumia muda mrefu kupokelea kazi za wateja, vyeti vya kuzaliwa, vitambulisho vya NIDA, barua za kuomba kazi. Sasa mdogo wangu kapangiwa kufundisha Ukerewe na anaitaka. Nimeifomati, sekunde chache tu ikamaliza, nikifungua haina kitu. Nimpe?

JIBU: Hapana dada, usimpe bado. Hiyo ni fomati ya haraka, inachofuta ni ile orodha tu inayoiambia kompyuta faili gani liko wapi, faili zenyewe bado zimelala mulemule mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Nilishaletewa flashi "tupu" hapa Makoroboi, nikaweka programu ya kurudisha faili, nusu saa haijaisha naangalia cheti cha ndoa cha watu nisiowajua kabisa, jina la bwana, jina la bibi, mpaka mhuri unasomeka. Iliniuma, maana wale walienda tu kutoa kopi wakaondoka wanajua yameisha.

Kwanza chomoa flashi na eksteno (diski za nje) zingine zote, maana kufomati diski isiyo yenyewe ndo msiba. Angalia herufi ya flashi kwenye kompyuta (kama E: au F:) na ukubwa, ya GB 16 huwa inasoma 14 na kitu, usishtuke. Kama kuna kazi unaihitaji ihamishe na uifungue huko ulikoihamishia uone inafunguka. Halafu bofya kulia kwenye hiyo flashi, chagua Format, na pale palipoandikwa Quick Format toa tiki. Hapo Windows, tangu ile Vista ya 2007, inaandika sifuri flashi nzima. Inaweza kula hata saa nzima kwa hiyo tumia laptop yenye chaji, umeme ukikatika katikati unaanza upya.

Kabla hujaanza, palipoandikwa File system (mtindo wa kupanga faili) chagua exFAT. FAT32 chagua tu ikiwa ataichomeka kwenye redio ya gari ya zamani, ila haipokei faili moja la kuzidi GB 4.

Flashi ina sehemu za akiba ambazo kompyuta haizifikii, hivyo kama uliwahi kuweka nywila za benki humo mi ningevunja ile chipu nyeusi nimnunulie dogo mpya. Kama ni kazi za wateja tu, ikimaliza kufomati pakua Recuva, programu ya kurudisha faili, ni ya bure, uichunguze nayo mwenyewe hiyo flashi. Isipoleta cheti hata kimoja ndo umkabidhi apande nayo kivuko.