Mtoto Mwenye Mahitaji Maalumu Aandikishwe Mapema: Ushauri kwa Wazazi Wenzangu wa Arusha

Mzazi mwenye mtoto mdogo anayechelewa kusema, asiyesikia vizuri au anayeishi na mtindio wa ubongo, ninamshauri asisubiri mtoto afikie umri wa darasa la kwanza ndipo aanze kuulizia msaada wa serikali. Ninalea mtoto mwenye usonji, yaani hali inayoathiri namna mtoto anavyowasiliana na wenzake, hapa Arusha, na katika mabenchi ya kliniki na ya ofisi za elimu nimeketi na akina mama wengi wenye watoto kama wangu. Tulichokiona sote ni kwamba msaada upo, ila huanza kumfikia mtoto pale jina lake linapoingia katika orodha zinazohusika. Mtoto asiyejulikana halmashauri hapangiwi mwalimu wala hanunuliwi kifaa.

Kazi hiyo huanzia kliniki. Ikiwa mtoto amefikisha miezi 18 bila kutembea, au ana miaka 2 na bado haunganishi maneno mawili, mweleze muuguzi waziwazi na uombe rufaa. Ndugu watakuambia kwamba hata baba yake alichelewa kusema, na watakuambia kwa nia njema, lakini kuchelewa huko hupimwa na mtaalamu. Omba hasa masikio yapimwe, kwa sababu nimewaona watoto waliodhaniwa kuwa wazito wa kuelewa, kumbe hawasikii. Kwa sera ya nchi, mtoto wa chini ya miaka 5 husamehewa gharama katika vituo vya umma, kwa hiyo miaka hiyo itumike vizuri. Rufaa ikikufikisha hospitali ya rufaa ya KCMC, Moshi, mwendo wa kilomita kama 80 kutoka Arusha mjini, na hali ya nyumbani hairuhusu, muone afisa ustawi wa jamii kabla ya kusafiri, usingoje mpaka deni limeshaandikwa.

Unapopewa taarifa ya daktari, usiridhike na jina la ugonjwa peke yake. Mwombe aandike mtoto anaweza nini, hawezi nini na anahitaji nini ili ajifunze: akae mbele, apewe maelekezo kwa picha, asaidiwe kwenda chooni. Mwalimu wa awali mwenye darasa lililojaa hawezi kufanya lolote na neno la kitabibu, lakini maelekezo ya namna hiyo anaweza kuyatumia asubuhi ya kwanza. Toa nakala, na nakala halisi ibaki nyumbani.

Taarifa hiyo ipeleke kwa afisa anayeshughulikia elimu maalumu katika halmashauri yako, iwe ya Jiji, ya Arusha au ya Meru, kabla ya miezi ya mwisho ya mwaka ambayo shule huandikisha watoto wa awali na wa darasa la kwanza. Yeye ndiye anayejua shule zipi zina kitengo cha elimu maalumu, na mwalimu aliyepo amesomea nini. Swali hili la pili wazazi wengi hatuliulizi, nalo ndilo lenye uzito kuliko yote. Sisi wa Arusha tunacho Chuo cha Ualimu Patandi, pale Tengeru, kinachoandaa walimu wa elimu maalumu, na walimu hao husomea maeneo tofauti: uziwi, kutoona, ulemavu wa akili. Mwalimu hodari wa lugha ya alama si lazima awe amefundishwa kumtuliza mtoto mwenye usonji anayeziba masikio kengele inapogongwa, na mtoto kama huyo akiwekwa katika kitengo cha viziwi kwa sababu tu ndicho kilicho karibu, mwaka mzima unaweza kupita bila yeye kupata alichokifuata. Nenda ukaone darasa lenyewe, ukae kimya dakika chache, uangalie watoto wanavyoongeleshwa.

Mwalimu mkuu mmoja aliwahi kuniambia nimrudishe mwanangu akishakua kidogo. Mzazi anayejibiwa hivyo asirudi nyumbani kwa unyonge. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9 ya mwaka 2010, inampa mtoto mwenye ulemavu haki ya kusoma katika shule ya kawaida, ya umma au binafsi, isipokuwa pale anapohitaji mawasiliano maalumu, na inataka apatiwe huduma saidizi za kujifunzia. Omba kwa heshima jibu hilo liandikwe kwenye karatasi, kisha ulifikishe kwa afisa elimu kata.

Kuhusu fedha, ada ya elimumsingi katika shule za serikali iliondolewa kuanzia mwaka 2016, lakini nauli na gharama ya mtu wa kumsindikiza mtoto hubaki mikononi mwa mzazi. Kwa maoni yangu hapa ndipo serikali ingetakiwa kuongeza nguvu, maana mama anayeshinda shuleni na mtoto wake hawezi kufungua genge. Wanaoishi barabara moja wanaweza kuchangiana bajaji, na wakijiunga kama kikundi cha wanawake wanaweza kuomba mkopo usio na riba unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo 4 kati yake ni ya wanawake na 2 ya watu wenye ulemavu.

Akishapokelewa, hakikisha shule imemwandika katika takwimu zake kwa aina ya ulemavu alionao, kwa sababu mahitaji ya vifaa kama shimesikio (vya kumsaidia mtoto kusikia) na mashine za nukta nundu (za maandishi ya wasioona) hupangwa kwa kuangalia takwimu hizo. Keti na mwalimu mwanzoni mwa muhula mkubaliane mambo mawili au matatu ya kufanyia kazi, yaandikwe, na nyumbani myafanye kwa namna ileile. Anapopanda kwenda darasa la kwanza, au mkihama mtaa, lichukue jalada lake mwenyewe na umkabidhi mwalimu mpya mkononi kabla shule haijafunguliwa.