Maswali ya wasomaji: Yule mchungaji aliyeandika mashairi akayaweka ndani

SWALI: Habari za kazi mhariri. Nimesikia kuna mchungaji mmoja wa kule Marekani enzi za ukoloni wa Mwingereza, Edward Taylor, eti alitunga mashairi ya dini maisha yake yote kwa mkono na hakuyatoa, watu wakaja kuyaona baada ya miaka mia mbili. Alikuwa anaogopa kanisa lake au? Naomba mnifafanulie. Msomaji, Morogoro.

JIBU: Ndugu yangu wa Morogoro, asante sana kwa hili swali, huyu mzee nampenda mno. Kuogopa kanisa, hapana. Wapuritani wenzake, wale Waprotestanti wakali wa Kiingereza, walikuwa wanasoma mashairi vizuri tu, mshairi Anne Bradstreet kitabu chake kilichapwa London 1650 na mchungaji mwenzao Michael Wigglesworth alitoa utenzi mrefu wa siku ya hukumu mwaka 1662 ukanunuliwa kweli kweli. Na Taylor mwenyewe beti zake mbili zilichapwa akiwa hai, 1689, ndani ya kitabu cha mchungaji wa Boston, Cotton Mather, zimetoka kwenye shairi alilotunga baada ya kufiwa na watoto. Hiyo stori kwamba aliwakataza warithi wake wasichapishe ipo ila wasomi wengi siku hizi wanaitilia shaka.

Mi naona jibu liko kwenye kazi ambayo mashairi yenyewe yalikuwa yanafanya. Taylor alizaliwa Uingereza, akavuka bahari 1668, akasoma Harvard, halafu 1671 akaitwa Westfield, kijiji cha mpakani huko magharibi mwa Massachusetts, akasafiri kwenye theluji kwenda huko na hakuhama tena mpaka anafariki 1729, na huko alikuwa mchungaji na tabibu pia maana daktari mwingine angetoka wapi. Sasa kuanzia 1682 hadi 1725, ikikaribia siku ya Meza ya Bwana, ule ushirika wa mkate na divai, anakaa chini anatunga shairi juu ya andiko atakalohubiri, kujiandaa yeye kwanza kabla hajaugusa mkate. Yako zaidi ya 200. Beti za mistari sita, wa kwanza na wa tatu kina kimoja, wa pili na wa nne kina kingine, miwili ya mwisho inafungana yenyewe, na hakubadilisha muundo huo miaka yote hiyo.

Na usidhani ni maombi makavu! Lile la 1684 juu ya Yohana 6:51 anaanza anatazama nyota, anamwona mwanadamu kama ndege wa peponi aliyefungiwa tunduni ana njaa na ameumwaga mwenyewe mkate wake, dunia nzima haina hata punje ya kumpa, ndipo Mungu anachukua ngano safi kuliko zote za mbinguni, yaani Mwanawe, anaisaga, anaikanda, anaioka, malaika ndo wanaitenga mezani. Mwishoni mkate huo anauita keki ya sukari ya mbinguni. Mtu anayeandika hivi anajilisha mwenyewe kwanza, wasomaji baadaye.

Halafu kuna ugomvi wa wakati ule. Jirani yake wa Northampton, mchungaji Solomon Stoddard, alifungua Meza kwa kila mwenye mwenendo mzuri, hata ambaye hajashuhudia kuokoka, akisema Meza yenyewe inaweza kumwokoa mtu. Taylor alimpinga kwa miaka, kwake huendi pale bila vazi la arusi, yaani bila neema ya wokovu. Ndo maana anajikagua ubeti kwa ubeti, yeye mwenyewe asije akakutwa hana vazi.

SWALI: Hayo makaratasi yalipatikanaje, na mtu aanzie wapi kusoma? Msomaji, Nakuru.

JIBU: Dada, ni kitabu kinene cha kurasa karibu 400 kwa mwandiko wake mwenyewe. Kilimfikia mjukuu wake Ezra Stiles aliyekuwa mkuu wa chuo cha Yale, baadaye kikaingia maktaba ya chuo hicho hicho kikakaa kimya mpaka msomi Thomas H. Johnson alipokikuta 1937, na 1939 akatoa sehemu yake. Tafakari zote za Meza, yaani yale mashairi zaidi ya 200, zilitoka 1960 kwa mkono wa Donald Stanford, hiyo ndo ya kutafuta.

Anza na lile la kusokota uzi. Anamwomba Mungu amfanye gurudumu la kusokotea, Neno liwe kijiti kinachoshika sufu, roho yake iwe kibiringo cha kuzungushia uzi, kisha awe mtambo wa kufumia, kitambaa kitiwe rangi za peponi halafu avikwe yeye. Ni fupi, beti tatu tu. Lile la watoto soma baadaye ukiwa umetulia, mke wake wa kwanza Elizabeth alimzalia 8 na 5 wakafa wadogo, anawaita maua ya bustani yake yanayochumwa na mkono wa mbinguni, halafu anamwambia Mungu chukua, ni wako.