Alkemila: itambue kwa jani kabla hujaipanda

Kwa miezi minne nilimwagilia miche miwili nikiamini yote ni alkemila. Nilipewa kama zawadi, bila kibandiko, na yote ilikuwa na majani ya duara yenye ndimi, yaani vipande vilivyochomoza ukingoni. Mmoja ulipochanua maua ya zambarau ndipo nikajua kwamba ule ulikuwa geranio. Niliumia, kwa sababu nilikuwa nimeuweka mahali pazuri kabisa bustanini na alkemila halisi nikaisukumia pembeni.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza: usisubiri maua. Shika jani. Jani la alkemila ya bustani, ambayo jina lake la kisayansi ni Alchemilla mollis, ni laini kama kitambaa, na hilo neno mollis maana yake ni laini hasa. Lina ndimi fupi, kwa kawaida 9 hadi 11, zenye meno madogo ukingoni, na jani changa huwa limekunjwa kama marinda ya sketi. Jani la geranio nililolilea mimi lilikuwa limechanika kwa kina kuelekea katikati, wala halikuwa na marinda hayo.

Kisha dondosha tone la maji juu yake. Kwenye alkemila tone halitandazi. Linajikusanya kama ushanga na kuviringika, kwa sababu vinywele vya jani hulishikilia juu juu. Ukitoka alfajiri utakuta shanga nyingine zimejipanga kwenye meno ya ukingo. Hizo si umande. Ni maji ambayo mizizi imeyasukuma usiku kucha hadi yakatokea kwenye vitundu vidogo vya jani. Wanaalkemia wa Ulaya, watu wa zamani waliojaribu kugeuza madini kuwa dhahabu, waliyathamini sana maji haya, na jina la mmea limetokana na kazi yao. Mimi huamka mapema kwa ajili ya shanga hizi tu, na sijazichoka.

Maua yake ni madogo mno, ya manjano inayokaribia kijani, na hayana petali kabisa. Unachokiona ni sepali, yaani vijani vidogo vinavyolifunika ua kabla halijafunguka. Yanatoka kwa mafungu mengi hata yakaonekana kama povu. Ukikuta jani limegawanyika hadi kwenye kikonyo, nalo linang'aa kama fedha upande wa chini, huenda una Alchemilla alpina, ndugu yake mdogo wa milimani. Alchemilla erythropoda nayo ni fupi, majani yake yana rangi ya kijani yenye ubuluu, na vikonyo vya maua huelekea wekundu.

Kuipanda si kazi ngumu. Inataka udongo unaoshika unyevu bila kutuamisha maji, na kivuli cha mchana pale jua linapokuwa kali. Ikikauka, kingo za majani huungua na kuwa kahawia. Ni mmea wa nchi za baridi, hivyo joto la mfululizo huidhoofisha. Acha nafasi ya sentimita 45 hivi kati ya mche na mche, maana shina moja hutanuka kuliko unavyodhani ukiliona kwenye chungu.

Mbegu zinaota, lakini zinahitaji subira, na kipindi cha baridi huzisaidia kuamka. Mimi napendelea kugawa shina mwanzoni mwa majira ya kuchipua: nang'oa lote, nalikata kwa sepeto, nahakikisha kila kipande kina mizizi na chipukizi, kisha narudisha ardhini siku hiyo hiyo na kumwagilia vya kutosha.

Sasa nisikilize vizuri hapa, maana ndipo wengi hujutia. Alkemila hutoa mbegu bila kuhitaji uchavushaji, na miche yake huwa nakala ya mama. Shina moja tu, peke yake, linaweza kujaza njia zako za bustani. Mwaka wangu wa pili nilikuwa naichomoa katikati ya mawe ya kukanyagia kila wiki. Tangu hapo nakata maua yanapoanza kufifia, kabla mbegu hazijakomaa. Majani yaliyochakaa nayo nayakata hadi karibu na ardhi, namwaga maji, na baada ya wiki chache mmea unavaa majani mapya.

Wapo wanaoitumia kama dawa, hasa kwa matatizo ya wanawake, kwa desturi ya zamani ya Ulaya. Mimi siinywi, na mwenye mimba namsihi asiiguse kama dawa bila kuongea na daktari.

Maua unayokata usiyatupe, unaweza kuyakausha. Yakiwa yamefunguka vizuri, yafunge kwa mafungu madogo na uyaning'inize kichwa chini penye hewa na giza. Mafungu makubwa huota ukungu katikati.