Uliza Mwandishi: Chombo chako kinavujia wapi?

Swali: Shikamoo, mwalimu. Nina miaka 22, naishi Gongoni, naandika hadithi za kubuni za kisayansi. Hii niliyokutumia ni ya msichana aliye peke yake katika chombo cha anga kinachovuja hewa. Rafiki yangu ameisoma, asema haimtii hofu, eti ni kama filamu ya watu wengine. Fizikia sikuisoma. Nifanyeje? Na je, kazi hii yaweza kunilisha?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nimeisoma mara mbili. Msichana wako anaona taa nyekundu, anabonyeza kitufe, hatari imekwisha. Mkono wake haujagusa kitu. Hofu ilitorokea hapo.

Neno "watu wengine" ndilo lililoniuma. Wewe ukishuka Ngomeni wayaona majukwaa ya San Marco, ambayo Wataliano waliyatumia kurushia roketi, yamesimama baharini kwa miguu ya chuma. Tarehe 12 Desemba 1970 roketi iliruka pale na setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa kuchunguza miale ya eksirei kutoka nyotani. Waliiita Uhuru, kwa kuwa siku ile ilikuwa sikukuu yetu ya uhuru. Wataliano walipapenda kwetu kwa sababu karibu na ikweta mzunguko wa dunia wenyewe huisukuma roketi kuelekea mashariki, na mashariki yetu ni bahari tupu. Basi asikwambie mtu kwamba anga ni ya wengine.

Mimi pia niliwahi kukwama kwenye hadithi kama yako. Nikaenda kwa mjomba, fundi wa mashua, nikamwuliza: chombo kikivuja, waanzia wapi? Hakusema neno. Alinipeleka kwenye mashua iliyopandishwa mchangani, akapitisha ukucha wa dole gumba kwenye maungio ya mbao, taratibu, taratibu, mpaka ukucha ukazama. "Hapa." Akasokota pamba, akaichovya mafuta, akaishindilia kwa chembeu, akigonga kidogo kidogo. "Ukigonga kwa hasira wapasua mbao, tundu moja lawa mawili." Harufu ya sifa, yale mafuta ya papa, ilinikaa vidoleni siku mbili.

Usiku ule nilikifuta kile kitufe. Msichana wangu naye akapitisha ukucha ukutani. Asipopata kitu, akachomoa uzi kwenye pindo la leso yake, akauachia uelee. Uzi ukaenda wenyewe, polepole, ukajilaza kwenye ufa. Hapo mkono wangu ukaanza kutetemeka kwa kuandika, maana sasa nami nilitaka kujua kama ana pamba ya kutosha.

Miaka ikapita. Mwaka 2020 nikasoma kwamba wanaanga wa Kirusi katika Kituo cha Kimataifa cha Anga walikuwa wakitafuta ufa unaovujisha hewa, wakaupata kwa kuachia majani ya chai yaelee na kutazama yaendako. Nilikaa nayo habari ile asubuhi nzima. Mjomba alikuwa ameshafariki, ningetamani nimsomee.

Kwa hiyo fizikia unayoihitaji ni ya ule ufa tu: hewa hukimbilia wapi, kwa nini, na imebaki ya saa ngapi. Hiyo isome mpaka uweze kumweleza mamako akiwa anakuna nazi. Maneno nayo unayo tayari. Chombo kina omo mbele na tezi nyuma, kina ngama chini yanakokusanyika maji, kina nahodha. Hutia nanga, hutiwa kalafati, ile pamba ya mjomba. Wewe umeandika "sehemu ya mbele" na "sehemu ya nyuma" mara kumi na moja, nimehesabu, na wewe ni mtoto wa pwani!

Kuhusu kulisha, bado. Mimi kutwa natoa fotokopi na kuchapa barua za watu mjini Malindi, na naandika tangu saa kumi alfajiri mpaka wateja waanze kubisha. Gazeti moja lilitoa hadithi zangu tatu, halijanilipa hadi leo; tangu hapo situmi kitu bila makubaliano ya maandishi. Ukimaliza muswada mzima, ijaribu Tuzo ya Kiswahili ya Safal, ile iliyoanza 2014 kwa jina la Mabati-Cornell. Hupokea hata miswada ambayo haijachapishwa.

Kwa sasa niandikie upya ukurasa wa ufa, huo mmoja tu. Lakini kwanza nenda Ngomeni maji yakitoka, umwombe fundi yeyote akuachie upitishe ukucha.