Barua kwa mwanangu: magoti

Mwanangu,

Mimi sijambo, hofu ni juu yako na baridi hiyo ya Pennsylvania. Swali lako nimelisikiliza mara tatu kwenye simu. Nilijaribu kukujibu kwa sauti, nikakatishwa na jirani aliyekuwa anatwanga kisamvu. Bora niandike.

Ulisema mjukuu wangu ameanza ngoma ya baleti hapo Carlisle, na kwamba shule yao ilianzishwa mwaka 1955 na mama mmoja, Marcia Dale Weary, akafundishia kwenye banda la shamba, akaendelea na kazi hiyo katika mji uleule mdogo mpaka alipofariki mwaka 2019. Watoto aliowaanzisha yeye wakafika kwenye majukwaa makubwa, hadi New York City Ballet. Kisha ukaniuliza: "Mama, nawe umekaa Bagamoyo miaka zaidi ya 40 ukifundisha ngoma watoto wa watu uani. Hukuwahi kujuta?"

Kukaa sijuti hata kidogo. Kuna jambo jingine ninalolijuta, na wewe ulikuwemo ndani yake, ila ulikuwa darasa la nne tu.

Unajua nilikuja hapa kutoka Newala na sanduku la bati mwaka 1981, Chuo cha Sanaa ndiyo kwanza kimefunguliwa. Kikundi cha Ngoma cha Taifa kilikuwa kimevunjwa, na baadhi ya wachezaji wake ndio waliokuja kuwa walimu wetu. Kizazi chao ndicho kilichomsikia Mwalimu Nyerere, mwezi Desemba 1962, akiwauliza watu ni wangapi kati yao wanaojua kucheza gombesugu au lelemama, maana rumba na twist wengi wanazijua. Wakaenda wakajifunza. Sisi tukajifunza kwao: bugobogobo ya Wasukuma na majembe yake, lizombe ya Wangoni, msewe ya Pemba, mdumange ya Wasambaa. Hizo zote zilikuwa ngeni kwangu na nilizitolea jasho. Kwenye sindimba nilijiona nimefika, si ni ya kwetu Wamakonde? Nilikuwa nakaa nyuma natafuna muwa.

Nilipomaliza nikapata kazi ya ualimu wa shule ya msingi hapahapa mjini, na jioni watoto wakaanza kuja uani. Ada hawakulipa. Mama zao walileta dagaa, mihogo, siku nyingine nusu lita ya mafuta ya taa. Halafu akaja bwana mmoja wa hoteli, hoteli yenyewe sitaitaja, akatuomba Jumamosi tuwachezee wageni wake wakati wa chakula cha jioni. Dakika nane. Sindimba, akasema, ile ya kiuno. Ajabu ni kwamba zamani wapo waliosema ngoma hii ni chafu kwa sababu ya hicho kiuno. Sasa ndicho pekee kilichotakiwa. Akaleta na sketi za majani. Wamakonde gani wanavaa majani? Lakini alilipa taslimu, na mabati ya nyumba uliyokulia yametoka kwenye hizo dakika nane.

Basi nikawafundisha watoto dakika nane. Nikawapanga mstari mmoja, nyuso kwa wageni, meno nje. Miaka saba nilifanya hivyo. Nawe ulikuwa wa tatu kutoka kulia, na sketi yako ilikuwa inakuwasha ukilia usiku.

Mwaka 1996 shangazi yangu akaja kutoka Newala kutibiwa macho. Jicho moja lilikuwa bado linaona. Akakaa chini ya mwembe akatutazama tukifanya mazoezi, hakusema neno mpaka ngoma iliponyamaza. Akaniita kando: "Mnacheza, au mnauza nyonga?"

Nilikasirika. Nilimwambia mambo ya hoteli hayajui. Akaniomba tu nimwitie mtoto mmoja, nikamwita yule wa mama muuza maandazi, mwembamba. Shangazi akainama, akamshika goti kwa viganja viwili, kama mtu anayepima embe kama limeiva. Akalisukuma mbele kidogo, akaliachia. "Hili limelala," akasema. Akapita kwa wote mmoja mmoja. Magoti ishirini na manne, kumi na mawili kushoto na kumi na mawili kulia, na yote kwa hesabu yake yalikuwa yamelala. La mwisho lilikuwa lako.

Watu wanadhani sindimba inaanzia kiunoni. Inaanzia magotini. Goti likikaza, kiuno kinasukumwa kwa nguvu, na ukimtazama mchezaji unamwona anavyohangaika. Goti likiwa hai, kiuno kinakuja chenyewe, wala huhitaji kukifikiria. Hilo nililijua tangu mtoto, nililiona kwenye sherehe za jando watu wakicheza mpaka kunakucha, lakini kwa dakika nane nani anasubiri goti liamke? Nilifundisha kiuno kwa sababu kiuno kinafundishika kwa wiki mbili.

Hoteli tukaiacha. Marehemu baba yako hakuzungumza nami siku kadhaa, na si kwamba alikosea, ada yako ya shule ilikuwa haijalipwa. Wazazi wengine wakawaondoa watoto wao. Kutoka kumi na wawili wakabaki watano, na mmoja wa hao watano alikuwa anakuja kwa sababu ya maembe.

Tangu hapo mtoto akija kwangu, miezi miwili ya kwanza hachezi. Anasimama peku mchangani, unyayo wote chini, anashuka kidogo, anapanda, anashuka. Ngoma tumeshazipasha kwa makuti makavu, ile ngoma ya likuti inamhesabia polepole. Nakaa kwenye kigoda ili macho yangu yawe sawa na magoti yao; sura zao wala sizioni. Likiamka naliona. Linatetemeka kwanza, kama mtu anayetaka kupiga chafya, kisha linatulia na mwili mzima unashuka pamoja nalo. Wengine ni wiki tatu. Yule wa muuza maandazi alichukua mwaka, na ndiye aliyekuja kuwazidi wote. Leo anaendesha daladala ya Makumbusho, nauli yangu haichukui, nami sibishani naye. Mwingine ni nesi. Nilimwona juzi akitembea ukumbini na sinia la dawa, nikamjua kwa nyuma kabla hajageuka.

Kwa hiyo jibu lako ndilo hilo. Wale wa miaka saba ya hoteli ndio ninaowajuta. Walikuwa wengi, baadhi yao sasa wana vikundi vyao na wanafundisha vilevile nilivyowafundisha, mstari mmoja na meno nje. Nikiwaona kwenye harusi nawapigia makofi, nitafanyaje. Wawili nimewafuata majumbani kwao nikawaomba tuanze upya. Mmoja alikubali.

Sasa hiyo video uliyonitumia. Niliifungua nikitegemea mabawa na vidole vya miguu, kama kwenye televisheni. Nikamwona mjukuu wangu ameshika upau, visigino vimekutana, vidole vimetazama nje, anakunja magoti, ananyoosha, anakunja, ananyoosha. Video nzima ni hiyo! Ukaniandikia chini yake kwamba unaona kama hawajaanza kumfundisha chochote, na ada mnalipa. Mwanangu, usiende kumsumbua mwalimu wake. Mwache.

Ila uliipiga vibaya, umechukua uso na ile nywele yake uliyoisuka vizuri. Wiki ijayo iweke simu chini sakafuni, upande wake wa kushoto, umpige kuanzia kiunoni kwenda chini. La kulia nimeliona kidogo na halina neno. Hilo la kushoto ndilo ninalotaka kuliona.

Mama yako