Barua kwa mwanangu: spika ipigie mtu anayeongea

Asalam aleikum mwanangu. Ujumbe wako nimeuona, unataka nikwambie kwenye zile spika mbili ulizoniachia sebuleni ipi inatoa sauti nzuri, ili nyingine uirudishe dukani kabla ya Jumamosi. Sasa mie naulizwa nini, mtu nimepita sitini, na wewe mwenyewe ndo uliyenambia masikio yakizeeka zile sauti nyembamba za juu ndo za kwanza kupotea.

Ila umenikumbusha ile redio kaseti, ile babako aliyonitania nayo mpaka anaingia kaburini. Ilikuwa 1989, mamako mkubwa hajatimiza hata mwaka tangu atutoke, nami nimepokea hela ya mchezo nikaenda nayo duka moja pale Ngamiani. Redio mbili juu ya kaunta. Ya kwanza muuzaji kaiwekea kanda ya bendi gani sijui, mh, ya kawaida. Ya pili kaiwekea Black Star, wale wa taarabu wa Tanga, Shakila anaimba, tena na sauti kaiongeza kidogo (hilo nimekuja kulijua baadaye, sauti ikizidi kidogo tu sikio linadhani ndo imekuwa nzuri), na hapo hapo nikamuona dada yangu kakaa barazani Makorora anasuka ukili, kaukanyagia kwa dole gumba la mguu, anaimba naye, asipojua maneno anaguna tu mpaka kibwagizo. Machozi yakanitoka mbele za watu. Nikalipa bila hata kuomba punguzo, mie!

Kufika nyumbani babako akaweka kanda yake ya mawaidha. Shehe anaongea kama yumo ndani ya pipa, besi inavuma, maneno hayakamatiki. Babako akanitazama, akasema, "Umenunua redio au umemnunua dada yako?" Akacheka. Mie mpaka leo sijacheka vizuri.

Ndo maana nasema kila siku, spika ukiijaribu ipigie mtu anayeongea. Sauti ya mtu tunaijua toka wachanga, ikipinda kidogo tu unaijua, ila gitaa la besi la Black Star nani anajua ukumbini lilikuwaje? Mtu anayeongea kwanza.

Lakini tena najibishana mwenyewe, kwani redio niliinunua nisikilize mawaidha? Lile pipa nimelisikiliza miaka kumi na moja na kila Shakila akiingia dada yangu yupo barazani. Kwa jirani, wao walikuwa na spika zile za mbao, nikasikia wimbo ule ule, kila chombo peke yake, safi kabisa, na dada hakuja. Sijui ni spika au ni kwamba nilikaa kwenye kochi la watu.

Basi zako jana nimezipigia taarifa ya habari zote mbili, sauti sawa sawa. Ile kubwa msomaji yu... aa, nisiseme, utanibebesha lawama. Usiku nikazipigia Shakila. Hapo ndo sikwambii kabisa. Njoo Ijumaa usikilize mwenyewe, na uje na nyimbo zako zile za makelele, sio zangu. Ila ile ndogo usiirudishe kwenye boksi lake kwanza.