Herufi moja tu, niwaambie ama ninyamaze?

SWALI: Sasa Fundi, natumai uko poa. Niko mwaka wa pili koleji hapa Nairobi na najifundisha Python, lugha ya kuandika programu, mwenyewe usiku. Juzi nilikuwa nafuata maelezo ya programu moja ya bure, zile ambazo kodi yake iko wazi kila mtu aone (kodi ya kompyuta, sio ya landilodi), wakasema niandike amri ya kuinstoli vitu inavyohitaji, pip install -r requirement.txt. Nikakopi nikapesti, ikakataa, eti hiyo faili haipo. Nikafuta nikaanza upya, nikainstoli Python tena, bando ya mia ikaisha, saa mbili zimeenda, kumbe faili yenyewe inaitwa requirements.txt, walisahau "s" tu! Beshte yangu ananiambia nikairekebishe huko GitHub, ile tovuti wanaweka kodi yao, lakini mimi naona nitachekwa, watu wameandika programu mzima halafu mimi naleta herufi moja? Na hata sijui mtu huanzia wapi.
Wa Roysambu

JIBU: Pole kwa bando. Hiyo "s" ipeleke, tena leo. Mwenye aliandika hayo maelezo ameshainstoli hiyo kitu mara nyingi hadi vidole vinajua njia, hasomi tena, kwa hivyo kosa la ukurasa wa kwanza yeye ndiye huliona mwisho. Anayejikwaa ni mgeni kama wewe.

Ila kwanza hakikisha kosa bado liko. Maelezo ya programu huwa na matoleo, na ukisachi unaweza kuangukia la miaka mingi iliyopita, so fungua lile wanaloandika saa hii uone kama "s" bado imepotea, na uangalie pia kama kuna mtu ashawaambia.

Kama bado, tafuta faili yenyewe kwa mradi wao, mara nyingi ni README.md (ile ya maelezo ya mwanzo) ama iko kwa folda ya docs, ubonyeze ile alama ya penseli. Huna ruhusa ya kuandika kwa yao, lakini GitHub yenyewe inakutengenezea nakala yako, unaweka "s", unaandika kwa kifupi nini ilikuwa mbaya, halafu unatuma ombi waichukue, hiyo ndiyo watu huita puli rikwesti. Hauhitaji kuinstoli chochote, hata kwa browser ya simu inawezekana. Maneno yako yawe kama mawili tu: amri inataja faili ambayo haipo, jina sahihi ni hili. Tafadhali usiandike "update" peke yake, huyo mtu atajuaje umeapdeti nini?

Sachi pia hiyo requirement.txt kwa maelezo yote, manake kosa kama hilo huwa limekopiwa kurasa kadhaa, na urekebishe zote kwa ombi moja. Lakini uishie hapo. Ukianza kupangia watu aya zao upya, yule wa kukagua anajikuta na mistari arobaini badala ya mmoja, anakuweka kando mpaka apate nafasi, na nafasi huwa haipatikani.

Kila nyumba na sheria zake, kwa hivyo soma faili ya CONTRIBUTING, ile ya sheria za wanaochangia, kama iko. Mradi wa Python wenyewe hawadai ufungue ripoti ya kosa kwanza kwa taipo, lakini mara ya kwanza utasaini mkataba wao wa wachangiaji. Kwa Linux kernel, kile kiini cha mfumo wa Linux, unatuma kwa imeili, na chini lazima uweke mstari wa Signed-off-by na jina lako, kuthibitisha una haki ya kutuma hiyo kazi.

Hiyo ya kuchekwa nayo haijatoka hewani. Oktoba 2020, kwa ile Hacktoberfest, kampeni ya kampuni ya DigitalOcean ya kuhimiza watu wachangie miradi ya kodi wazi, ukituma maombi manne ulikuwa unaweza kupata tisheti, basi watu wakaanza kuongeza vineno vya bure kwa README za wenyewe, wenye miradi wakajaa hasira, na mwezi huo huo sheria ikabadilishwa mradi uwe umekubali wenyewe kushiriki. Wewe hutafuti tisheti. Amri ilikuwa haifanyi kazi, sasa itafanya.

SWALI: Fundi, kuna mradi wameandika "color" kila mahali, niwarekebishie iwe "colour"?
Msomaji, Umoja

JIBU: Wacha hivyo! Sisi tulifundishwa Kingereza cha Uingereza, hao wanaandika cha Marekani, hakuna kosa hapo. Na ukigusa ile ya ndani ya mfano wa CSS, lugha ya kupamba kurasa za mtandao, umeharibu, browser inajua color peke yake, colour inairuka kimya kimya bila kulalamika. Kama mikono inakuwasha, tafuta mahali kwa amri vistari viwili vya --upgrade vimegeuka kistari kimoja kirefu, hiyo huletwa na programu za kupamba maandishi. Mtu akikopi inakataa, na akiiangalia kwa macho anaona iko sawa kabisa.